Nailoni Zote Zibaki

Mji Mpya, Morogoro
22 Aprili 2024

Kwa Mwanahawa,
Mtunza Kumbukumbu, Kituo cha Afya Lubwelo

Kwa heshima na taadhima, napenda kuwatangazia wananchi wote wa Lubwelo, wa bondeni na wa juu mlimani, kwamba leo saa mbili na robo asubuhi kifungo cha tatu cha shati langu la kijani kilikatika na kutokomea chini ya kabati la spea. Marehemu ameacha vifungo wenzake wanne na tundu moja. Chanzo ni kitambi. Mwenye shati anaendelea vizuri.

Nimeanza na habari hiyo, shemeji, ujue kwamba na mimi nina matatizo yangu. Sikukaa hapa miaka mitano nikiombea mitambo yenu iharibike ili nipate sababu ya kukuandikia. Ni Daktari Godfrey, mkuu wako wa kazi, aliyeingia dukani kwangu kwa miguu yake. Hakujua kwamba Mtunza Kumbukumbu wake ni mdogo wa mke niliyemwacha, nami sikumwambia, maana mteja anauziwa bidhaa, hauziwi historia. Anasema radi ya mwezi wa pili iliipiga ile seva yenu ya msaada, prosesa ikafa. Nimempatia kioo, kibodi na kipanya vipya, na prosesa nyingine ya namna ileile, pamoja na hitisinki yake mpya, lile bati zito la mbavu-mbavu linalokaa juu ya prosesa na kuiondolea joto.

Ningepanda kuifunga mwenyewe. Lakini goti langu la kushoto unalijua, na barabara ya kwenu nasikia imekatika kwa mvua. Kwa hiyo utaifunga wewe. Daktari anasema una akili. Sikumbishia, alikuwa bado hajalipa.

Mzigo anauleta Raphael wa gari la kabichi, na barua zetu atabeba yeye, kwa kuwa simu yangu uliizuia na huko kwenu mtandao unashika juu ya jiwe moja tu. Boksi lisifunguliwe kabla sijaleta maelekezo. Na barua yako ianze na shikamoo. Nina miaka hamsini na mbili.

Wako katika ufundi,
Hatibu


Lubwelo
25 Aprili 2024

Fundi Hatibu,

Mzigo nimepokea. Kifungo, poleni wafiwa.

Hiyo barabara imekatika kwa wenye magoti tu? Raphael anapanda na kushuka kila siku na Fuso limejaa kabichi mpaka juu. Barua yako imefika haina hata tone la tope. Sema unaogopa kukutana na mama yangu, tutakuelewa.

Umenikumbusha shikamoo. Shikamoo ni ya mtu mzima. Siku dada Furaha anatoka kwako na mabegi mawili, ulijifungia dukani ukauza chaja. Alikaa kibarazani asubuhi nzima akisubiri umuage tu, basi. Ni mimi niliyekuja na bajaji nikamchukua. Kwa hiyo salamu niliyonayo kwako ni hii: hujambo?

Sasa kazi. Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini Juni. Kabla ya hapo Kamati ya Kituo itakaa kuamua kama nabaki au naondoka, na watakachotazama ni seva hii. Ndani yake mna kadi za kliniki za akina mama mia nne, na wagonjwa wa sukari na presha wa vijiji sita. Tangu radi ipige naandika kwenye madaftari mpaka kiganja kimevimba. Mwezi wa sita anakuja mgeni rasmi kutoka mkoani kuizindua upya. Ikiwaka, nina kazi. Isipowaka, nakwenda kulima njegere kwa mjomba.

Kwa hiyo chuki yako iweke kando kwa siku moja. Andika kila hatua. Nitafuata neno kwa neno, nisije nikasikia baadaye kwamba sikufuata.

Mwanahawa


Mji Mpya, Morogoro
27 Aprili 2024

Shemeji mkali,

Hujambo yako nimeipokea, nikaipima, nikaiona nyepesi. Umeikumbuka bajaji, lakini umesahau ilibeba nini. Ilibeba dada yako, mabegi mawili, na feni yangu ya kusimama. Mabegi sidai. Feni naidai. Nimemaliza majira matano ya joto la Morogoro nikijipepea kwa mfuniko wa ndoo.

Haya, sikiliza.

Chomoa nyaya za umeme. Ziko mbili, usichomoe moja ukajipongeza. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia, hesabu mpaka kumi, ule umeme uliobaki umejificha ndani uishe. Vua sweta. Najua huko mnazaliwa nalo, lakini sufu ikisuguana inazaa umeme ambao wewe huusikii, na prosesa inakufa nao kimyakimya. Vua na bangili. Kabla ya kushika chochote gusa bati tupu la kasha la seva, na uwe unarudia kuligusa kila unaponyanyua kitu kingine.

Prosesa ishike kwa kingo, kama ushikavyo picha ambayo haijakauka. Chini usiguse. Mle inapokaa mna vipini zaidi ya elfu, vyembamba kama unywele. Kimoja kikipinda, hakuna fundi wa Morogoro hii wa kukinyoosha, nikiwemo mimi, ingawa wateja nawaambia vingine. Kwenye kona moja ya prosesa kuna pembetatu ndogo ya dhahabu, na kwenye kikalio chake kuna alama kama hiyo. Zikutane. Iteremshe wima, iachie ikae kwa uzito wake yenyewe. Isipokaa usiisukume, inyanyue uanze upya. Nakujua una mkono wa kusukuma. Ikikaa, laza komeo.

Hitisinki nayo ishuke wima. Ina skrubu nne, zikaze kama nati za tairi: hii kidogo, kisha ya kona inayotazamana nayo kidogo, unazunguka hivyo mpaka zote zigote. Ukimaliza moja kabla ya nyingine, inakaa kichwa upande. Chomeka waya wa feni yake, rudisha mfuniko wa seva, washa.

Na la mwisho, hili ni amri. Nailoni zote zibaki. Kioo, kibodi, kipanya, kila kilicho kipya kikae kwenye nailoni yake mpaka siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi ndiye atakayezivua mbele ya kamera, kama ilivyo kawaida yetu. Kitu kikikutwa uchi, mgeni atasema mmemuitia mtumba. Daktari ameniahidi nitasimama pembeni kwenye picha, na kifungo nimeshanunua.

Nadai shikamoo na feni.

Hatibu


Lubwelo
30 Aprili 2024

Fundi,

Feni yako iko juu ya kabati la mama, imevishwa kitambaa cha kufuma. Huku hakuna joto la kupepea. Hakuna anayeitumia. Tumeiweka tu ili wewe usiwe nayo.

Umeandika vizuri kuhusu kushika kitu kwa kingo, taratibu, bila kusukuma. Nilimsomea dada. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Kumbe maneno hayo anayo! Alikuwa anayawekea akina nani?" Miaka kumi na moja ya ndoa hukumwambia hata mara moja kwamba mboga imekolea. Ukikasirika unakwenda kulala kwenye meza ya spea. Mwanamke mzima anaongea na mgongo wa mtu. Leo mtu huyohuyo ananifundisha mimi upole, kwa herufi kubwa, na kunitajia mkono wa kusukuma. Mkono wangu uko salama. Ulioshindwa kufungua mlango wa duka ni wako.

Maswali yangu yako karatasi ya pili.

(karatasi ya pili)

Nimevua sweta, natetemeka. Nimefungua boksi lakini sijafunga kitu.

Chini ya hitisinki, pale panapolala juu ya prosesa, kuna dawa ya kijivu imepakwa mraba. Juu ya dawa hiyo kuna kinailoni cha bluu chenye mkia mdogo wa kushikia. Je, nacho kibaki, au kinatoka? Umesema zote, lakini hiki kitakuwa ndani, mgeni rasmi hatakiona. Naomba unijibu hili. Sifungi mpaka unijibu.

Mwanahawa


Mji Mpya, Morogoro
3 Mei 2024

Mwanahawa,

Kwa hiyo sasa barua za kikazi zinasomwa barazani kwa Furaha, watu wakae chini wacheke. Vizuri. Mpe salamu. Mwambie meza ya spea bado ipo, na ni nyembamba vilevile, mimi ndiye niliyepanuka.

Raphael amesimama hapa mlangoni, injini inanguruma, ananihimiza. Anasema eti hujafunga, unasubiri jibu la nailoni sijui ya nini. Mama wee! Nailoni ni nailoni. Nilisema zote. Zote ni zote. Ulisema utafuata neno kwa neno, basi fuata, usiongeze wala usipunguze, na usinitafutie mabishano kwenye kila mstari kama ulivyozoea.

Funga hiyo kitu.

Hatibu


Lubwelo
17 Mei 2024

Fundi Hatibu,

Nilifunga tarehe sita. Pembetatu kwa pembetatu, skrubu kona kwa kona, nailoni zote. Ikawaka. Majina ya akina mama mia nne yakatokea kwenye kioo na sikuona haya, nililia mbele ya wagonjwa.

Baada ya robo saa feni za ndani zikaanza kulia kama Fuso la Raphael kwenye kona ya mwisho, ikazima. Nikaiacha ikapoa, nikawasha. Robo saa, ikazima. Hivyo kwa siku kumi na moja. Huku asubuhi tunaona pumzi zetu, lakini kioo kinaandika joto la prosesa limezidi. Nimefungua mfuniko nikagusa mbavu za hitisinki yako: baridi kama jiwe la mtoni. Prosesa inaungua na kipoza joto chake hakina habari. Ulivyo wewe, ndivyo ulivyotuuzia.

Jana kamati ilikuwa na kikao kifupi. Nimesimama nikasema kwamba fundi wa Mji Mpya ametuuzia kitu kibovu. Nimelitaja jina lako lote, na la baba yako. Watu tisa walikuwepo. Watatu walikuwa wanataka kununua kwako kompyuta za shule. Sidhani kama watakuja.

Mwanahawa


Mji Mpya, Morogoro
20 Mei 2024

Kwa Mganga Mfawidhi, Kituo cha Afya Lubwelo

YAH: TAARIFA YA KIUFUNDI KUHUSU SEVA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Prosesa na hitisinki vilivyouzwa na duka langu vilikuwa vipya na vizima. Maelekezo ya kufunga yalitolewa kwa maandishi, kwa ukamilifu, kwa Mtunza Kumbukumbu wako. Kwa dalili zilizoelezwa, maoni yangu ya kitaalamu ni kwamba hitisinki ilifungwa kwa pupa na imekaa upande, hivyo haiigusi prosesa sawasawa. Hilo ni kosa la mfungaji, na halimo katika dhamana ya duka.

Nashauri mfungaji asiguse tena skrubu yoyote. Nashauri pia kazi kama hizi siku zijazo apewe mtu mwenye utulivu.

Naomba kuwasilisha.

Hatibu, Fundi


Lubwelo
3 Juni 2024

Hatibu,

"Mtu mwenye utulivu." Daktari Godfrey aliisoma mbele yangu, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena taarifa yako. Kisha akaniuliza, "Dada Mwanahawa, ulikuwa na haraka gani?" Sikuwa na haraka. Nilikaa siku nne sina sweta nikisubiri ujibu barua.

Nimeandikiwa. Kamati inakaa Ijumaa tarehe kumi na nne Juni, nilete utetezi kwa nini nisiondolewe kwa kuharibu mali ya Kituo. Utetezi gani? Wewe ni fundi, mimi ni wa madaftari. Neno lako lina mhuri.

Skrubu nimekatazwa. Mfuniko sikukatazwa. Kwa hiyo nimekwenda kwa mama, nimepanda kiti, nimeivua feni yako kitambaa cha kufuma, nimekuja nayo Kituoni nimeielekeza ndani ya seva. Sasa inakwenda dakika ishirini na tano badala ya kumi na tano. Ndani ya dakika hizo nanakili kadi. Inazima, nakaa, inapoa, nanakili tena. Nimefika mama wa mia moja na themanini. Wagonjwa wanaona Mtunza Kumbukumbu amejifunika kitenge juu ya sweta huku anaipepea kompyuta, wanaondoka wanatikisa kichwa.

Nikiondoka, feni nitaiacha hapahapa. Uje uifuate mwenyewe, upite mbele ya mlango wa mama.

Mwanahawa


Mji Mpya, Morogoro
5 Juni 2024

Shemeji,

Nimesoma. Tusipandishane presha, sote si vijana.

Mimi nakushauri kama kaka. Ukisimama mbele ya kamati ukabishana utawaudhi. Sema tu ulikosea, mkono uliteleza, ni mara yako ya kwanza. Watu wa Lubwelo wana huruma. Mimi mwenyewe naweza kuongeza mstari mmoja wa kukuombea. Njegere nazo, kusema kweli, zina soko.

Jambo lingine dogo. Zile barua zangu za mwanzo, bado unazo? Nimefikiri nikaona zina lugha isiyofaa, mambo ya kifungo, mambo ya feni, na wewe kwenye zako umenitukana. Kamati ikiziona, mwenye kuchafuka zaidi ni wewe, kwa kuwa ni mwajiriwa. Ningekuwa wewe ningezichoma tu zote, tukaanza upya.

Hapa hatujambo. Joto limepungua.

Hatibu


Lubwelo
10 Juni 2024

Shikamoo shemeji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti halikusumbui.

Ni dada Furaha aliyeniambia nianze hivi. Alisema, "Mwandikie kwa adabu. Hatibu si mtu mbaya, ni mwoga tu, na mwoga ukimpigia kelele anazidi kujificha." Mimi nilikataa siku mbili. Leo nimekubali, kwa sababu nimehesabu siku zilizobaki.

Barua zako nimezichoma jikoni asubuhi hii, zote tatu, kama ulivyoshauri. Umesema kweli, zingenichafua.

Nimejaribu kukumbuka kila nilichofanya tarehe sita Mei. Nimekumbuka mpaka wimbo uliokuwa unapigwa dukani kwa jirani. Sioni niliposhika kwa pupa. Lakini wewe unajua kuliko mimi, na kama umesema hitisinki imekaa upande, basi labda mkono wangu kweli ni wa kusukuma, na sikuwahi kujua.

Nilifika mama wa mia tatu na kumi na mbili. Jana feni nayo imeanza kunuka. Nikisukuma nitapoteza vyote, basi nimeiacha ipumzike.

Sikuombi unisafishe. Naomba tu uandike kwa Daktari kwamba hukuja kuiona kwa macho, na kwamba inawezekana kuna sababu nyingine. Mstari mmoja kama ulivyoahidi. Yale niliyosema mbele ya kamati kuhusu duka lako na baba yako, nisamehe. Baba yako hakunikosea.

Mimi mdogo wako,
Mwanahawa


Mji Mpya, Morogoro
11 Juni 2024

Mwanahawa,

Barua hii usiisome peke yako. Ipeleke kwa Daktari Godfrey aisome kwa sauti. Nimeiandika mara nne, tatu za kwanza zilikuwa na utani.

Kosa ni langu. Hitisinki haikukaa upande. Iko pale ulipoiweka, na nina hakika uliiweka vizuri kuliko ambavyo ningeiweka mimi. Kinachoipika prosesa ni kile kinailoni cha bluu chenye mkia. Kilitakiwa kuvuliwa kabla ya kufunga, ili dawa ya kijivu iguse prosesa na kubeba joto kulipeleka kwenye mbavu. Nailoni ikibaki, joto linakwama chini yake. Ndiyo maana ulikuta mbavu baridi. Ulinieleza dalili yote, mbavu baridi na prosesa inayoungua, ambayo fundi wa wiki ya pili angeitambua akiwa amelala. Mimi nilikuwa macho, nimekasirika.

Uliniuliza. Tarehe thelathini Aprili uliniuliza kwa maandishi, karatasi ya pili. Sikuisoma. Niliishia pale Furaha alipocheka, nikaitupa barua juu ya meza, nikaweka kikombe cha chai juu yake. Raphael aliponiambia unasubiri jibu la nailoni nikadhani ni ubishi wa kioo na kipanya, na nikajibu kama mtu anayefunga mlango. Ulitii.

Tarehe ishirini na tisa Mei alikuja Ebrahim wa duka la vitambaa, nimfungie kompyuta yake. Nikageuza hitisinki mpya, nikashika mkia wa bluu, nikavuta. Kinailoni kikabaki kimening'inia kwenye kidole gumba changu. Nikakumbuka neno moja alilosema Raphael. Nikamwacha Ebrahim amesimama, nikatafuta barua yako. Karatasi ya pili ilikuwa palepale, ina duara la kikombe. Ebrahim aliniuliza, "Hatibu, kuna msiba?" Nikamwambia hapana.

Kwa hiyo tangu siku ile nilijua. Barua ya tarehe tano Juni niliiandika nikijua. Nilikushauri ukiri kosa langu. Nilikuomba uchome barua kwa sababu ndani yake kulikuwa na mkono wangu unaosema nailoni zote zibaki, na jina langu hapa mjini ndilo kitu pekee nilichobaki nacho ambacho hakijakatika kifungo. Nilitaka uchome, na ukachoma, na bado ukanipa shikamoo. Nimeidai kwa miaka mitano. Imefika nikiwa nimekaa juu ya kile kiti cha mteja, nikashindwa kuiitikia.

Nimeambatanisha karatasi yako ya pili, na duara lake la chai. Kamati ione tarehe na ione swali. Taarifa yangu ya tarehe ishirini Mei naiondoa. Ni ya uongo tangu ilipofika kwenye neno "kitaalamu".

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Barabara haikukatika. Goti ni zima, nalitumia kupanda ngazi za paa kila wiki. Sikuja kwa sababu ya Furaha. Siku ya bajaji sikuuza chaja hata moja. Nilisimama nyuma ya mlango wa duka nikichungulia upenyo, nikamwona amekaa kibarazani na mabegi yake, nikawa najiambia nitatoka sasa hivi. Nilikuona wewe unaibeba ile feni kifuani. Na feni haikuwa yangu. Aliinunua yeye kwa vitumbua vyake, mwaka tuliohamia Mji Mpya. Niliidai kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho ningeweza kukudai bila kumtaja.

Usiwashe seva tena mpaka nifike. Alhamisi asubuhi napanda na Raphael, nina dawa mpya ya kijivu, pamba na spiriti. Tutavua kinailoni, tutasafisha, tutapaka upya, utafunga wewe kwa mkono wako na mimi nitashika taa. Mama wa mia tatu na kumi na tatu utamkuta. Nitapita mbele ya mlango wa mama yako kwa miguu, mchana, bila kofia.

Siku ya uzinduzi, kwenye picha simama wewe.

Ijumaa kwenye kamati watakuuliza kwa nini uliacha nailoni. Usijibu. Nitakuwa nimekaa nyuma yako, nitajibu mimi.

Hatibu